Tope la Mto na Mvua za Kale

Mvua inyeshapo juu ya milima ya Masisi, maji yake hushika njia mbili. Yale ya upande wa mashariki huteremka pande za Sake, yakaingia katika Ziwa Kivu. Kisha hutokea Bukavu kwa mto Ruzizi, huingia Tanganyika, hutoka tena Kalemie kwa mto Lukuga, hata kufikia Lualaba. Yale ya magharibi hushika mto Osso, huingia katika Lowa, hupita misitu ya Walikale, nayo huifikia Lualaba ileile kati ya Kindu na Ubundu. Hivyo ndugu waliotengana kilimani hukutana tena mtoni. Wakisha kupita Kisangani huitwa Kongo, na mwisho wa safari yao ni Banana, mbele ya bahari ya Atlantiki.

Siku za mvua kubwa maji hayo hubadilika rangi, kwa sababu yamebeba udongo. Je, udongo huo huishia wapi? Sehemu yake hutulia chini ya maziwa. Sehemu nyingine hufika baharini, ikazama polepole, leo tabaka nyembamba, kesho nyingine juu yake. Haba na haba hujaza kibaba: kwa maelfu ya miaka tope limerundikana mbele ya mlango wa mto Kongo, la zamani chini, jipya juu. Nalo tope hilo si uchafu tu. Wataalamu hulisoma kama sisi tusomavyo daftari.

Njia yao ni hii. Kutoka melini hushusha bomba refu la chuma lililofungiwa kitu kizito. Bomba hujichoma katika tope la chini, na likivutwa juu huja na nguzo nzima ya tope. Nguzo hiyo hukatwa vipande vidogo. Ndani yake mna makombe madogo mno ya vidudu vya bahari, na ndani ya makombe mna aina moja ya kaboni ambayo hupungua kwa nusu kila ipitapo miaka 5,730. Wakipima iliyobaki, hujua umri wa kipande kile.

Sasa tuwasikilize mashahidi waliomo katika tope. Shahidi wa kwanza ni nta ya majani. Geuza jani la mgomba, utaona chini yake unga mweupe. Ule ni nta, nayo hulilinda jani lisikauke. Miti na majani ya namna nyingi yana nta ya namna hiyo. Jani huoza, lakini nta haiozi upesi. Mto huichukua mpaka baharini. Ndani ya nta mna hidrojeni iliyotoka katika maji ya mvua yaliyonywewa na mmea. Hidrojeni hiyo ni ya aina mbili: nyepesi, ndiyo nyingi sana, na nzito, ndiyo haba. Katika nchi zetu za joto, mvua ikiwa nyingi, ile nzito hupungua. Mvua ikiwa chache, huongezeka. Kwa hiyo mmea uliokufa miaka 12,000 iliyopita waweza kutuambia leo kama ulinywa maji ya mwaka wa neema au ya ukame.

Shahidi wa pili ni mafuta ya vijidudu vya udongo. Akina mama wajua kwamba mawese yaliyo laini katika joto la Walikale hugandama yakipandishwa kwenye baridi ya Masisi. Vijidudu navyo vina mafuta katika ngozi zao, na ili ngozi isiwe ngumu mno wala laini mno, huyajenga mafuta hayo kwa namna tofauti kadiri ya joto la udongo. Mwaka 2007 Johan Weijers wa Uholanzi na wenzake walipima mafuta hayo katika tope la Kongo. Waliona kwamba zamani, dunia ilipokuwa na barafu nyingi, joto la wastani la nchi za Kongo lilikuwa kama digrii 21, kisha likapanda hata kufika digrii 25.

Shahidi wa tatu atoka mbali, nao ni ushuhuda wa mikondo ya bahari. Katika Atlantiki maji ya moto huenda kaskazini juu juu. Yakifika pande za Greenland hupoa, huwa mazito, huzama, na kurudi kusini kwa njia ya vilindini. Mkondo wa namna hii wa zamani za kale hupimwaje? Maji ya bahari yana urani kidogo, nayo urani huvunjika polepole, ikazaa vitu viwili, thori na protaktini, kwa kipimo kisichobadilika. Thori hushikamana na chembe za vumbi, ikazama upesi karibu na mahali ilipozaliwa. Protaktini hukawia majini, na mkondo huweza kuichukua mbali. Tupa jiwe na kipande cha ganda la mgomba katika mto Lowa: jiwe litazama palepale, ganda litakwenda na maji. Lakini kama mto ungesimama, ganda nalo lingebaki karibu na jiwe. Basi, tope la Atlantiki ya kaskazini likionekana lina protaktini nyingi, ni dalili kwamba mkondo ulilegea.

Mwaka 2004 Jerry McManus wa Marekani na wenzake walilisoma tope la pande za Bermuda kwa njia hiyo. Walikuta kwamba tangu miaka 17,500 iliyopita mkondo ule ulikaribia kukoma kabisa, wakati vipande vikubwa vya barafu vilipomiminika baharini na kuyeyuka; kwa maana maji yasiyo na chumvi ni mepesi, hayazami. Baadaye ulirudi, kisha ukapungua tena ghafula kama miaka 12,700 iliyopita.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2005 Enno Schefuß, Stefan Schouten na Ralph Schneider walitangaza habari ya nta ya majani waliyoikuta katika tope la mbele ya mto Kongo, chini ya maji ya kina cha karibu mita elfu moja. Katika kipindi kile cha pili, mkondo ulipopungua, mvua ya Afrika ya kati nayo ilipungua. Katika miaka 20,000 yote waliyoipima, waliona kwamba jambo lililotawala mvua yetu hasa ni tofauti ya joto kati ya maji ya Atlantiki yaliyo karibu na ikweta na yale ya kusini zaidi; na tofauti hiyo yafuata mikondo. Na tope la Ziwa Tanganyika, lililosomwa na Jessica Tierney na wenzake mwaka 2008, lashuhudia kwamba mvua ya upande ule iliongozwa zaidi na Bahari ya Hindi. Nasi watu wa Kivu tumekaa katikati, kati ya bahari mbili tusizoziona.

Msomaji atauliza: haya yamhusu nini mtu alimaye maharage na viazi? Yamhusu sana. Mwaka 2021 jopo la mataifa lichunguzalo hali ya hewa lilisema kwamba, dunia ikizidi kupata joto, yaelekea sana mkondo ule wa Atlantiki utapungua katika karne hii. Yaliyopita si unabii, kwa kuwa siku zile dunia ilikuwa na barafu kuliko leo. Lakini ni onyo. Tena mvua si neno dogo kwetu. Mwezi wa Mei 2023 huko Kalehe, jirani ya Masisi na Walikale, mafuriko na tope viliviangamiza vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, vikaua watu zaidi ya 400.

Hapo twaona upungufu wetu. Vituo vingi vilivyokuwa vikipima mvua katika Kongo kabla ya mwaka 1960 vilinyamaza baadaye. Twajua jinsi mvua ilivyobadilika miaka 12,000 iliyopita, lakini katika vijiji vingi hakuna awezaye kusema kwa hesabu ni mvua kiasi gani iliyonyesha mwaka jana. Na tope halitatusaidia hapo: kipande kimoja chake huchanganya mvua ya miaka mingi, tena huchanganya milima yetu na bonde zima la Kongo, lenye eneo la kilometa za mraba zaidi ya milioni tatu na nusu.

Ninyi wanafunzi mwaweza kuanza kujaza pengo hilo. Chukueni kopo lenye pande zilizonyoka na kitako sawa, liwekeni imara mahali peupe, mbali na miti na mapaa. Kila asubuhi, saa ileile, pimeni maji yake kwa rula, andikeni milimeta na tarehe, kisha mwageni. Siku isiyo na mvua andikeni sifuri, msiache nafasi tupu. Mwalimu na alitunze daftari hilo pamoja na vitabu vya shule, na darasa linaloondoka lilikabidhi kwa darasa linaloingia. Baada ya miaka kumi kijiji chenu kitakuwa na ushuhuda wake chenyewe, nao watoto wenu hawatahitaji kuutafuta chini ya bahari.