Mashine Yalipiwa Mamilioni, Mwenye Kuiendesha Je?



Mwaka uliopita sanduku liliniangukia mguuni nikiwa kazini. Wenzangu walinichukua hadi hospitali moja ya kisiwani humu, ambayo sitaitaja jina. Daktari alinitazama, akaandika karatasi ya eksirei, nami nikasukumwa kwa kiti cha magurudumu mpaka mlangoni pa chumba cha picha. Mlango una kufuli. Mashine imo ndani, tena mpya, lakini mtu wa eksirei wa usiku hakuna. Zamani walikuwa wanne, wamebaki wawili, na hao wawili nguvu zao zamalizika kwa kazi ya mchana. Nililala na mguu umevimba kama gogo hata asubuhi, ndipo ikajulikana kwamba mfupa umevunjika.

Kijana aliyenipiga picha ni mtoto wa Mji wa Kale. Babake najuana naye pale Kibokoni. Nikamwuliza wenziwe wamekwenda wapi. Akasema, "Ami, mmoja yuko Ghuba, mmoja amechukuliwa na hospitali ya watu binafsi. Na mimi karatasi zangu zi tayari." Baada ya miezi mitatu akaondoka. Simlaumu hata kidogo. Babu zetu walikwenda Maskati kwa jahazi kufuata riziki, na huyu naye amekwenda kwa ndege kufuata riziki. Mkono mtupu haulambwi.

Wako wanachama wenzetu ambao huniambia, "Hao wavaa makoti meupe wana wenyewe wa kuwasemea, sisi tuna shida zetu." Neno hili nataka kulijibu. Mtu akivunjika gatini, au akiangukiwa na chuma karakana, au kifua kikimsumbua kwa vumbi la saruji, chumba cha kwanza anachopelekwa ni kile. Sisi ndio tunaolala chini ya mashine ile. Matajiri wa mji huu wakikuta kufuli hupanda gari wakaenda kwingine.

Tena kazi yenyewe si kubonyeza kidude tu. Yataka miaka mitatu ya chuo kwa cheti cha diploma, kisha leseni. Mionzi haionekani, hainuki, haichomi papo hapo. Bwana Röntgen aliigundua mwaka 1895 kule Ujerumani, na miaka michache baadaye watu waliokuwa wakiishika bila kinga wakaanza kukatwa vidole na mikono, na wengi wakafa kwa saratani. Mjini Hamburg lilisimamishwa jiwe la kumbukumbu yao mwaka 1936, nalo leo lina majina zaidi ya 300 ya madaktari, wauguzi na mafundi wa nchi nyingi. Kwa damu ya watu hao dunia ilijifunza kuweka mpaka: mfanya kazi wa mionzi asipate zaidi ya milisiveti 20 kwa mwaka, ikipigwa wastani wa miaka mitano. Ndiyo sababu huvaa beji kifuani ya kupimia, na beji hiyo husomwa kila baada ya muda. (Nimepata kusikia mzee mmoja akisema kwamba glasi ya maziwa kila siku yamtosha mtu wa eksirei. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayazuii mionzi. Kinachozuia ni ukuta, aproni ya risasi, kukaa mbali, na kutokaa muda mrefu.)

Basi watu wanne wakiwa wawili, kila mmoja afanya kazi ya wawili. Mtu aliyechoka hukosea. Picha iliyokosewa hupigwa tena, na mgonjwa hupata mionzi mara mbili kwa jambo la mara moja. Kwa tiba ya saratani hatari ni kubwa zaidi. Mashine ya tiba ya mionzi yahitaji daktari wake, mtaalamu wa fizikia wa kupima kipimo, na fundi wa kuiendesha. Mmoja akikosekana, kazi yasimama. Tangu 1968 hata ilipofika 2019, hospitali ya Serikali yenye tiba hiyo nchini Kenya ilikuwa moja tu, Kenyatta ya Nairobi. Mgonjwa wa Pwani alisafiri karibu kilomita 480, akakaa huko wiki nyingi kwa jamaa au kwa kukodi chumba. Leo mashine zimeongezeka. Je, watu nao?

Tukumbuke habari za mwaka 2015. Serikali ilifanya mapatano na makampuni ya ng'ambo ya kuleta vyombo katika hospitali 98, na mashine za eksirei zilikuwamo. Kila kaunti ilikatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka hapo mwanzo, kisha zikapandishwa hadi milioni 200. Kamati ya Seneti ilipochunguza na kutoa ripoti yake mwaka 2020, ilikuta vyombo vingine vimekaa bure kwa kukosa watu wa kuvitumia, vingine kwa kukosa umeme au nyumba. Fedha za chombo zilitoka kwa wakati. Mwenye kukishika aliachiwa kaunti ijitafutie.

Huambiwa kwamba wataalamu ni haba. Sikubali. Wako vijana wenye vyeti waliokaa barazani wakingoja tangazo la kazi, na wengine wamepewa mkataba wa miezi kadha usio na pensheni. Haba ni mshahara. Hata Uingereza, ambako vijana wetu hukimbilia, watu wa eksirei wa hospitali za umma waligoma mwezi wa Julai 1923 + 100, yaani 2023, kwa siku mbili, wakisema malipo madogo yanawafukuza wenzao. Wenyeji waliondoka kwa sababu ya mshahara, na pengo lao lazibwa kwa watu wetu, nalo pengo letu halina wa kuliziba.

Mwezi wa Januari 1947, wafanya kazi wapata 15,000 wa Mombasa walipoacha kazi, hawakuwa wapakizi peke yao. Walikuwamo watu wa reli, wa mahoteli, na matumishi wa majumbani. Hawakuulizana nani avaa koti gani. Wote walikuwa na hesabu moja: bei zimepanda na mshahara umelala.

Kwa hiyo katika mkutano mkuu ujao nitaleta hoja, nayo ni hii. Chama kiandike barua kwa kaunti kuuliza nafasi za watu wa eksirei zilizo wazi ni ngapi, na zitajazwa lini, kwa kazi ya kudumu. Posho ya hatari iandikwe katika mapatano, isiwe hisani ya mkubwa. Na hesabu ya beji apewe mwenye kuivaa mkononi mwake kila isomwapo, isifungiwe katika faili la ofisi.

Nahitaji mwanachama mmoja wa kuiunga mkono hoja hii. Aliye tayari na amwachie jina lake katibu kabla ya siku ya mkutano.