Gemu ya Simu Ni Kazi: Madai Sita na Majibu Yake

Kijana akisema nyumbani kwamba anatengeneza gemu za simu, hujibiwa kwa namna mbili. Wapo wanaomwona tajiri mtarajiwa, na wapo wanaomwona mtoto aliyekataa kukua. Majibu haya yanapingana, lakini yamezaliwa na kosa moja: yote yanatazama bahati, au wazo, au simu yenyewe, na kuiruka kazi. Hayaioni miezi ya kuchora, kuandika programu, kuwapa watu wajaribu, kufuta na kuanza tena. Ninawaheshimu wanaoishi kwa kazi hii, na nimechoka kuona inapimwa kwa mizani isiyo yake. Haya ndiyo madai sita ninayoyasikia mara kwa mara, na jibu langu kwa kila moja.

Dai la kwanza: “Gemu moja tu ikishika, umetoka.”

Mfano unaoletwa kila mara ni Flappy Bird. Dong Nguyen wa Vietnam aliitoa Mei 2013. Kufikia Januari 2014 ilikuwa imepanda kileleni mwa maduka ya programu, na vyombo vya habari vikaripoti kwamba matangazo yake yanaingiza takriban dola 50,000 kwa siku. Hadithi husimuliwa hadi hapo tu. Huachwa miezi ile ambayo gemu ilikaa dukani karibu bila wachezaji. Huachwa pia Februari 2014, Nguyen alipoiondoa mwenyewe kwa sababu umaarufu ulikuwa umemvurugia maisha.

Angry Birds nayo, ilipotoka Desemba 2009, ilionekana kama muujiza wa usiku mmoja. Lakini Rovio, kampuni ya Finland iliyoitengeneza, ilianzishwa mwaka 2003, na hiyo ilikuwa gemu yake ya 52. Kabla yake kampuni iliishi kwa kuwatengenezea wengine gemu, na bado ilikaribia kufilisika.

Huo ndio uchumi halisi wa kazi hii. Anayejitegemea huishi kwa oda: nembo ya duka, katuni ya tangazo, gemu ya kufundishia watoto hesabu. Gemu yake mwenyewe huitengeneza kwa saa zinazobaki. Jamaa wakimwona anachora nembo husema ndoto imemshinda. Haijamshinda. Oda ndiyo inayolipa pango mpaka gemu ikamilike, na mara nyingi ndiyo inayomnoa mkono.

Dai la pili: “Kitu kidogo hivyo? Wikendi moja inatosha.”

Hili ndilo dai linalowaumiza zaidi, kwa hiyo nitalikalia.

Februari 2014 ilitoka gemu ya namba iitwayo Threes. Iliundwa na Asher Vollmer, ikachorwa na Greg Wohlwend, na muziki ukatungwa na Jimmy Hinson. Kanuni zake zinaenea kwenye kiganja: una ubao wa miraba minne kwa minne, unatelezesha vigae, 1 na 2 huungana kuwa 3, na baada ya hapo namba zinazolingana ndizo zinazoungana, 3 na 3 kuwa 6, na kuendelea. Anayeicheza huielewa kwa dakika chache. Walioitengeneza walitumia miezi 14.

Wiki chache tu baadaye iliingia sokoni gemu ya kufanana nayo, 1024. Machi mwaka huohuo kijana wa Italia, Gabriele Cirulli, akaandika 2048 kwa wikendi moja na kuitoa bure. Dunia ikaicheza. Cirulli hakuficha alikochota, wala hakudai kwamba amevumbua. Lakini watu wengi walikutana na 2048 kwanza, na wengine wakageuka kuwaambia wenye Threes kwamba wao ndio walioiga.

Vollmer na Wohlwend wakajibu kwa kuweka hadharani barua pepe walizoandikiana katika miezi ile 14. Anayezisoma anawaona wakipotea njia mara nyingi. Walizivisha namba nguo za kila aina: vipande vya sushi, wanyama, vyeo vya jeshi. Kila walipoongeza pambo, wachezaji walichanganyikiwa zaidi, mpaka wakarudi kwenye namba zenyewe na kuipa kila moja uso na sauti yake. Walipima hata umbali ambao kigae kinasogea: hatua moja tu kwa kila mtelezo, ili mchezaji alazimike kufikiri. Katika 2048 vigae huteleza hadi ukutani.

Kwa hiyo ni kweli kwamba 2048 iliandikwa kwa wikendi moja. Iliwezekana kwa sababu miezi 14 ilikuwa imeshalipwa na watu wengine. Urahisi ule ulikuwa umeshatafutwa, ukapatikana, ukawekwa mezani. Mteja anayemwambia mtengenezaji “nifanyie kama ile, si ngumu,” anaona matokeo na kuyadhania kuwa ndiyo kazi nzima. Gemu ndogo ni ndogo kwa sababu mtu amekaa nayo muda mrefu akiondoa kila kisichohitajika.

Dai la tatu: “Msanii ni wa kupamba tu, kazi ni ya mwandika programu.”

Toa mji na pindo kwenye kanga, na kinachobaki mkononi mwako si kanga iliyokosa mapambo; ni kitambaa. Picha ya gemu ina uzito huohuo.

Monument Valley, iliyotolewa na ustwo ya London Aprili 2014, ilianza kama mchoro. Ken Wong alichora jengo lisilowezekana, kwa kuvutiwa na kazi za M. C. Escher, na mchoro huo ndio uliozaa kanuni za mchezo: ngazi ambazo zikitazamwa kutoka upande fulani zinakutana, na zikigeuzwa zinaachana. Hapo mchoraji ndiye aliyeweka sheria, na programu ikaja kuzitekeleza. Katika Alto’s Adventure, iliyotoka Februari 2015, Harry Nesbitt alichora milima na theluji kisha akaiandikia programu yeye mwenyewe, akishirikiana na studio ya Snowman ya Toronto.

Ufundi wa kuchora kwa ajili ya simu una masharti ambayo mchoraji wa karatasi hajawahi kukutana nayo. Dole gumba hufunika sehemu ya kioo, hivyo cha muhimu hakiwekwi pale. Gemu huchezwa kituoni juani, hivyo rangi zisizopishana vizuri hupotea. Simu nyingi zina nafasi finyu, na zikijaa, gemu nzito ndiyo inayofutwa kwanza. Mchoraji hupambana na uzito wa kila picha ili mchezaji asile bando lote kwa kuipakua. Kisha ipo ile alama ya dukani. Google Play huipokea ikiwa na pikseli 512 kwa 512, lakini mtu huiona ikiwa ndogo kama ukucha, katikati ya nyingine nyingi, na huamua kwa kutupa jicho. Mchoraji anaweza kumaliza siku kadhaa kwenye alama hiyo moja, na siku hizo zina haki ya kuingia kwenye bei.

Dai la nne: “Gemu ni za bure, na kidogo kinachopatikana duka linakimeza.”

Sehemu moja ya dai hili imepitwa na wakati. Asilimia 30 ilikuwa ada ya kawaida tangu App Store ilipofunguliwa Julai 2008. Tangu Januari 2021 Apple iliwapunguzia wadogo, wale wasiozidi mapato ya dola milioni moja kwa mwaka, hadi asilimia 15. Google nayo ilishusha ada hadi asilimia 15 kwa dola milioni ya kwanza ya kila mwaka kuanzia Julai 2021. Kufungua akaunti ya Google Play ni dola 25 mara moja. Ya Apple ni dola 99 kila mwaka.

Ugumu wa kweli uko kwingine. Gemu ya bure huingiza fedha kwa matangazo au kwa vitu vinavyouzwa ndani yake, na mtangazaji hulipa zaidi kwa mtazamaji wa Marekani kuliko kwa mtazamaji wa Tanzania. Gemu ya kulipia nayo huibiwa: ustwo walisema Januari 2015 kwamba ni asilimia 5 tu ya Monument Valley zilizowekwa kwenye simu za Android ndizo zilizolipiwa, ingawa baadhi ya zilizobaki zilikuwa za wanunuzi wenye kifaa zaidi ya kimoja. Hesabu hizi ni ngumu, lakini ni hesabu, na hupangwa kabla ya kuanza kuchora. Anayeanza kwa kuuliza “nani atanilipa, na kwa njia gani?” hapunguzi sanaa yake.

Dai la tano: “Raha yake ni kwamba huna bosi.”

Mabosi wapo, ila hawana ofisi unayoweza kubisha hodi. Septemba 2017 Apple ilitoa iOS 11, na gemu za zamani za biti 32 ambazo hazikufanyiwa marekebisho zikaacha kufunguka. Agosti 2019 Google ikaanza kudai biti 64. Gemu uliyoimaliza haijaisha. Usipoirekebisha kila mara, hutoweka dukani.

Tangu Novemba 2023, mwenye akaunti mpya ya binafsi ya Google Play alitakiwa kupata wajaribishaji 20 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kuitoa gemu yake kwa umma. Desemba 2024 idadi ikashushwa hadi 12. Kwa kampuni hilo ni jambo dogo. Kwa mtu mmoja ni kazi ya kuwabembeleza binamu, majirani na waliosoma naye. Septemba 2023 Unity, ambayo ni karakana ya watengenezaji wengi, ilitangaza tozo itakayohesabiwa kwa kila gemu inayowekwa kwenye simu. Watengenezaji walipinga kwa nguvu, na mwaka mmoja baadaye tozo hiyo ikafutwa, lakini wengi walikuwa wameshahama.

Hata ule upweke wa kishujaa haupo. Eric Barone hutajwa kama mtu mmoja aliyeandika programu, akachora na kutunga muziki wa Stardew Valley kwa zaidi ya miaka minne. Ni kweli. Lakini mwenzi wake alikuwa akifanya kazi na kuliendesha jiko, na gemu ilipoletwa kwenye simu mwaka 2018, kazi ya kuihamisha ilifanywa na studio nyingine. Kila anayejitegemea ana mtu anayemtegemea, na mtu huyo anastahili kutajwa.

Dai la sita: “Kazi hiyo haiwezekani kwetu.”

Imeshawezekana. Mwaka 2007 Wesley Kirinya wa Kenya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya kompyuta. Mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti Arts, wakafanya kazi kati ya Accra na Nairobi, wakatengeneza gemu za simu zenye mashujaa wa Kiafrika. Lual Mayen wa Sudan Kusini alikulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu ili amnunulie kompyuta ya dola 300, naye akatembea masafa marefu kwenda kuichaji. Aliunda Salaam, gemu ya mtu anayekimbia vita, na mwaka 2018 akatambuliwa kwenye The Game Awards, Marekani.

Zana nazo si kizuizi tena. Godot, karakana ya gemu kama Unity, iliyoanzishwa na Waargentina wawili na kufunguliwa kwa umma mwaka 2014, ni ya bure kabisa, bila tozo wala mgao. Krita ya kuchorea na Blender ya kuundia maumbo ni za bure vilevile. Kinachokosekana ni muda uliolipiwa, na muda huo tunaweza kuutoa sisi.

Kwa hiyo, ndugu wa mtengenezaji, usimuulize atatajirika lini. Cheza gemu yake hadi mwisho umwambie ulikwama wapi, kwa sababu hicho ndicho anachokihitaji. Mteja, lipa kwa saa na kwa kila marekebisho, na jina la mchoraji liandikwe kwenye mkataba na ndani ya gemu. Nawe unayetengeneza, hifadhi michoro yako yote pamoja na ile iliyokataliwa. Siku ukiambiwa ni kazi ya wikendi, utakuwa na ushahidi wa kumwonyesha anayesema. Tunataka watoto wetu wacheze gemu zenye nyumba, majina na sauti za kwetu. Hazitakuja mpaka tukubali kuilipia kazi inayozitengeneza.