KONA YA FAMILIA: Kwa nini mlima unajibu?



Mwezi huu tumeletewa swali na mtoto aliyezaliwa hapa kambini. Bibi yake humwambia eti kule Kabonga, ukimwita mtu ukiwa ziwani, mlima nao unamwita. Mtoto akatoka nje, akapiga kelele mpaka akachoka. Hakujibiwa. Akatuuliza: bibi ananidanganya?

Hapana mwanetu, bibi hadanganyi. Sisi tuliokulia kule tunaijua hiyo. Inaitwa mwangwi, wala si mizimu. Sauti inasafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde moja. Ikigonga kitu kigumu inarudi, kama mpira uliopigwa ukutani.

Lakini ili uusikie, mwangwi unataka mambo matatu.

Kwanza, kitu kikubwa na kigumu: mwamba, mlima mkali au ukuta wa jengo. Turubai na nyasi zinameza sauti.

Pili, nafasi. Ukiwa karibu kuliko mita 17, sauti inarudi haraka mno na sikio linaichanganya na ile ya kwanza.

Tatu, ukimya.

Kabonga vyote vipo. Milima inashuka karibu na maji, ziwa liko wazi, na alfajiri wavuvi wa ndagala wanaporudi kumetulia. Huku kambini nyumba zimebanana na kelele haziishi. Basi mtoto atasikia nini?

Zamani manahodha walioshikwa na ukungu walipiga honi, wakahesabu. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 6, nchi kavu iko kama kilomita 1, maana sauti imekwenda na kurudi. Nasi mwaka 2015, tulipokwama Kagunga tukingoja zamu ya kupanda MV Liemba, honi yake ililia na milima ikairudisha. Watoto walishtuka. Wazee wakasema: msiogope, hiyo ni ile ya nyumbani.

Jaribuni hivi: asubuhi na mapema, kabla kambi haijaamka, simameni hatua 40 kutoka ukuta mrefu wa shule. Pigeni kofi moja kwa nguvu, halafu mnyamaze.

Wazazi, watoto wetu wengi wanaijua nchi yao kwa maneno yetu tu. Wakiuliza, tusiwafukuze. Tuwaeleze vizuri, wasije wakadhani tuliwatungia.

Tuonane mwezi ujao.