Maarifa ya Mitambo: Hewa Iliyobanwa Mara Mbili

Mtu atiaye upepo katika gurudumu la baiskeli huona kwamba bomba lake hupata moto mkononi. Sababu kubwa ni kwamba hewa ikibanwa huwa moto. Katika jambo hilo dogo imo siri ya injini za ndege.

Ndani ya silinda, pistoni hupanda na kuibana hewa iliyochanganyika na petroli kabla ya cheche kuiwasha. Ikiwa sehemu nane na nusu zimebanwa zikawa moja, mafundi husema kipimo cha kubana ni 8.5 kwa 1. Kadiri kipimo kinavyozidi, ndivyo kila galoni inavyofanya kazi zaidi. Basi mbona kisiongezwe daima? Kwa sababu mchanganyiko ukipata joto kupita kiasi hulipuka ghafula badala ya kuungua kwa taratibu. Mlipuko huo huipiga pistoni kama nyundo, hata ikatoboka. Mwenye motokaa huweza kusimama kando ya njia. Rubani hana kando ya njia.

Tena ndege ina adui mwingine, nao ni wepesi wa hewa ya juu. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko futi zipatazo 5,500 juu ya bahari, na mkazo wa hewa hapo ni kama asilimia 82 tu ya ule wa Mombasa. Injini ya kawaida hupungukiwa nguvu hata kabla ya kuruka. Kwa hiyo nyingine hufungwa tabochaja, yaani feni izungushwayo na moshi wa injini yenyewe ili kusukuma hewa silindani. Lakini hewa hiyo huingia ikiwa imekwisha kubanwa mara moja, nayo ni moto tayari.

Mfano mzuri ni ndege ya Cessna 206 ya miaka ya 1960 na 1970. Iliyo na injini ya Continental IO-520 ina kipimo cha 8.5 kwa 1. Iliyo na TSIO-520, yenye tabochaja, ina 7.5 kwa 1, ingawa ukubwa wa silinda ni ule ule. Waundaji walikubali kutumia petroli zaidi kidogo, ili injini ipate nguvu mlimani bila kujivunja.

Kwa hiyo fundi asidhani kwamba pistoni zinazofanana kwa macho zaweza kubadilishana. Na asome kwanza namba yake, kwani mtaka yote hukosa yote.