Tumbo la sikukuu, sehemu ya 4: Halihitaji "kusafishwa"

Pilau limeisha, soda zimeisha, yamebaki matumbo. Tangu jana inboksi swali ni moja tu: "Sista, ninywe dawa gani ya kusafisha tumbo?"

Usinywe. Tumbo lako halijachafuka, limeelemewa. Chakula chenye mafuta mengi huchelewa kutoka tumboni, na soda inaongeza gesi juu yake. Ndiyo maana unajisikia umejaa mpaka kifuani.

Siku mbili tatu hizi punguza sahani. Uji, mchicha, papai, maji ya kutosha. Ukishakula usijilaze, tembea hata dakika 10, nenda kwa jirani urudi. Inatosha.

Kinachoniuma ni watoto. Nimeshapokea wodini mtoto wa miaka 2, macho yameingia ndani, midomo mikavu, kisa kapewa dawa ya kuharisha "atoe uchafu wa sikukuu". Mama yake hakuwa mzembe, alidhani anamsaidia. Lakini mwili mdogo vile unaishiwa maji haraka sana. Dripu ilimwokoa. Angecheleweshwa mpaka kesho yake, sijui.

Ila tumbo likiwa gumu na linauma sana, akitapika kijani au damu, choo na hewa vikigoma kutoka, hapo ni hospitali. Usingoje kukuche.

Na kama bibi nyumbani ameshabandika sufuria ya majani, msomee hii. Kwa heshima, lakini msomee.