Tuunge udugu kabla msiba haujatukutanisha

SIFA zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu Waislamu, familia zetu nyingi za mijini zimeingiwa na mazoea yasiyopendeza. Ndugu wa damu moja hukutana msibani au harusini tu. Watoto humjua shangazi yao kwa sauti ya simu, na mtu na binamu yake huweza kupishana njiani wasijuane. Ilhali Qur'ani Tukufu, mwanzoni mwa Suratun-Nisaa, imefungamanisha ucha Mungu na kuchunga udugu, na Mtume (SAW) ametufundisha kuwa kuunga udugu ni sababu ya kukunjuliwa riziki na kurefushiwa umri.

Udhuru wetu ni kazi na nauli. Lakini si kila safari ni ya mbali. Tuchukue mfano wa wakazi wa Dar es Salaam wenye wazee wao Bagamoyo, mwendo wa kilomita 70 hivi. Anayeondoka baada ya Swala ya Alfajiri siku ya Jumamosi huwahi chai kwa bibi. Achukue sukari na kitoweo asimlemee mwenyeji, na watoto wachukue daftari waandike majina ya mababu. Mzee akifariki, huzikwa pamoja na nasaba ambayo hakuna aliyeiandika.

Baada ya Alasiri, mzee mwenye nguvu aombwe kuongozana na watoto hadi Kaole, karibu na mji huo. Huko yapo magofu ya msikiti wa karne ya 13, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, pamoja na makaburi ya kale yenye nguzo. Wawatolee salamu waliolala humo, wasikanyage makaburi wala kung'oa jiwe. Watatambua kuwa Uislamu katika pwani hii haukuja jana.

Bagamoyo ina somo jingine zito zaidi. Katika karne ya 19, misafara kutoka bara iliishia hapo, na pamoja na pembe za ndovu waliletwa binadamu waliotenganishwa na wazazi wao kwa minyororo. Mmoja wao ni Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kama Sheikh Ramiya, aliyeletwa kutoka Kongo akiwa mtoto mtumwa. Alisoma hadi akawa mwanachuoni na kiongozi wa tarika ya Qadiriyya, akafariki mwaka 1931. Elimu aliipata na heshima aliipata, lakini jamaa zake alinyang'anywa. Sisi nani ametunyang'anya? Wao walikatwa kwa nguvu, nasi tunajikata wenyewe kwa uvivu na kwa ugomvi wa mashamba ya urithi.

Mtume (SAW) ametubainishia kuwa muunga udugu wa kweli si yule anayelipa wema kwa wema, bali ni yule anayewaunga waliomkata. Basi safari ya kwanza iwe kwa ndugu tuliyenuniana naye. Tusisubiri kumwona akiwa ndani ya sanda, wakati ambapo salamu yetu haiwezi tena kujibiwa kwa mkono.

Wabillahi tawfiq.