Wanaofia Ghuba wahesabiwe nchi gani?

Kila Novemba Umoja wa Mataifa hutoa hesabu ya wanawake na wasichana waliouawa na waume, wapenzi au jamaa zao, na kila Novemba sisi hukimbilia kuangalia nani kashika mkia. Kwa mwaka 2023 walikuwa 51,100: Afrika 2.9 katika kila 100,000, Asia yenye Dubai ndani yake 0.8, Ulaya 0.6. Msichana wa Mombasa anayekwenda Dubai kwa kazi za ndani ataambiwa kwamba anaikimbia hatari. Huenda ni kweli, ila takwimu hizo hazithibitishi, maana zinapima mauaji pamoja na bidii ya kila dola katika kuyahesabu. Afrika Kusini, inayonyooshewa kidole kila mjadala huu unapozuka, ndiyo inayoweza kuonyesha kwamba wanawake waliouawa na wapenzi wao walipungua kati ya 1999 na 2017, kwa sababu watafiti wake walipekua kumbukumbu za mochwari na kuwauliza polisi muuaji ni nani, mara tatu, kwa njia ileile. Kenya nayo ilitangaza wanawake 97 waliouawa katika miezi mitatu ya 2024, mwaka ulioanza kwa maandamano ya kupinga mauaji ya wanawake. Bila kelele zile sidhani tungetangaziwa.

Mtu atasema Dubai mwanamke hutembea usiku wa manane bila hofu. Sibishi. Tena Novemba 2020 Falme za Kiarabu, nchi ya Dubai, zilifuta adhabu nafuu kwa anayeua kwa kisingizio cha heshima ya familia, hatua inayonieleza mengi kuliko nafasi ya nchi kwenye jedwali. Lakini usalama wa barabarani hausemi yanayotokea ndani. Duniani, wanawake sita katika kila kumi wanaouawa huuawa na mwenza au jamaa. Kwa wanaume hawafiki wawili. Na kadama, yaani mfanyakazi wa nyumbani, anaishi ndani, katika nyumba ya mwajiri ambaye si mume wala ndugu. Akiuawa na mwajiri huyo, hamo katika zile 51,100. Na takwimu za polisi wa kwao hazimgusi, kwa kuwa kafia ugenini. Mwaka 2021 wizara ya mambo ya nje ya Kenya ilitaja Wakenya 89, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani, waliofia Saudia katika miaka kama miwili. Vyeti vingi viliandika moyo umesimama, na wizara yenyewe ikatilia shaka. Siviiti vifo hivyo mauaji, kwa makaratasi yale hakuna awezaye kusema ni mauaji wala kwamba si mauaji.

Kuna wanaohofia kwamba kudai takwimu ni kuwaudhi wenyeji na kuhatarisha ajira. Hapa hatuhitaji kumuudhi mtu. Maiti hairudishwi kutoka Dubai bila barua ya ubalozi au konseli, na Kenya na Tanzania zote zina konseli mjini humo. Karatasi zimo mikononi mwetu. Konseli hizo zichapishe kila mwaka jinsia, umri, kazi na sababu ya kifo iliyoandikwa, bila jina la mtu, na ziseme ni maiti ngapi zilizopasuliwa tena zilipofika nyumbani.